Pipa Lililolala

Ukitaka kumkera Zaitun binti Sufiani, mwambie kuna jambo la mafuta asilolijua. Mwanamke yule kazaliwa Kondoa, kaolewa Tunduma, na tangu siku aliyoshushwa na lori pale Mpemba, jirani na Tunduma, bibi harusi mwenye sanduku la bati na kanga mpya, harufu ya petroli ndiyo iliyomlea. Mumewe Habibu, Mungu amrehemu, aliuza mafuta kwa mapipa kwa wenye malori ya Zambia. Habibu alikuwa mpole, tena upole wenyewe ule wa kudhulumiwa. Zaitun hakuwa na upole huo. Dereva wa Kibemba aliyetaka kupunguziwa bei alianza na "mukwai" nyingi za heshima, akaishia kulipa bei ileile na kuondoka akisema "natotela", akishukuru kama aliyefadhiliwa.

Habibu alipofariki, na vituo vya kisasa vikajipanga barabarani, biashara ya mapipa ikafa. Binti yao Sabra akamsihi mama yake akae nyumbani, apumzike, acheze na wajukuu. Zaitun alijaribu kupumzika, akashindwa, akaanza kugombana na majirani wa pande zote. Ndipo aliposhuka Ivuna, huko bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, kununua chumvi ya kuuza mjini, na hakurudi tena. Alisema joto la Ivuna linamfaa magoti. Walioijua Ivuna walicheka, kwa maana joto lile halijamfaa mtu hata mmoja.

Kule akakutana na Teresia. Teresia ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wanaochemsha chumvi: wanachota maji ya chumvi, wanayamwaga kwenye masufuria mapana yaliyokatwa kwenye mapipa ya bati, wanakoka moto chini mpaka chumvi ibaki. Kila siku ya mnada wawili hao walitukanana kwa bei, na kila baada ya mnada walikula ugali sahani moja. Teresia alimwita Mama Sabra, naye akamwita Mama Ruti, kwa jina la binti pekee aliyemzaa. Watu walishazoea. Siku wasipogombana, watu waliuliza nani anaumwa.

Sasa, kuna ndege ndogo ya shirika moja la afya iliyokuwa ikitua Ivuna na vijiji vingine vya bondeni, ikileta chanjo na wauguzi, na kupandisha wagonjwa mahututi kwenda hospitali huko juu Mbozi. Shirika lilitaka kuweka akiba ya mafuta pale kiwanjani, na likataka mlinzi asiyeuza mafuta kwa wenye pikipiki. Mkutano wa kijiji haukuchukua muda. Mwizi gani angemsogelea Zaitun? Wakamjengea banda la nyasi kando ya kiwanja, akahamishia hapo na biashara yake ya chumvi, akakaa kama mkuu wa mkoa.

Rubani alikuwa kijana wa Mbozi aitwaye Ezron, mtoto wa wakulima wa kahawa, mrefu, mpole, mwenye shikamoo ya kuinama. Alipoleta mapipa aliyalaza juu ya magogo, akayapanga vizuri, akamwambia, mama, haya yakae hivihivi, yalale. Zaitun akaitikia. Kijana akaruka zake.

Alipobaki peke yake akayatazama mapipa yale yaliyolala, na moyo ukamkataa. Kwao Mpemba pipa lililojaa husimama. Pipa likilala ni tupu, na pipa tupu halina mwenyewe, apitaye analiviringisha. Ndivyo walivyofanya wauzaji wote wa mafuta, na mteja akitupa jicho tu anajua mzigo upo au umekwisha. Hapo Ivuna ndiyo balaa zaidi, maana wanawake wa chumvi wakiona pipa limelala wanaanza kulipima kwa macho, litatoa masufuria mangapi. Haikupita muda akamfumania mzee mmoja akilisukuma pipa huku anatweta, na alipoulizwa akasema alidhani lina maji ya mvua tu. Zaitun akamtolea maneno ambayo sitayarudia hapa. Kisha akawaita vijana wenye nguvu, akayasimamisha mapipa yote, isipokuwa moja lililokuwa ndani ya banda, alilolitandikia mkeka na kulifanya kiti chake. Hilo halikuhitaji kusimama. Nani angeiba pipa lililokaliwa na Zaitun?

Kijana wa watu anajua kurusha, alijisemea, lakini mapipa kayaona juzi. Mazoea yana taabu, jamani. Mtu ukilijua jambo kwa miaka mingi, hufiki mahali ukajiuliza kama bado ndilo jambo lenyewe.

Mvua za kwanza zikanyesha. Maji yakatuama juu ya vifuniko, kwenye ule ukingo wa pipa, na ndege wadogo wakaja kuoga humo asubuhi. Zaitun aliwatazama akafurahi. Vizibo vimekazwa, maji yatapita wapi?

Basi siku hiyo Ruti, binti wa Teresia, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Alishinda na uchungu, akalala nao, akaamka nao, na mtoto hatoki. Muuguzi wa zahanati, Atupele, mwanamke asiyekuwa na maneno mengi, akasema huyu lazima apasuliwe, na hapa hatuna wa kumpasua. Barabara ya kupanda mlima ilikuwa imekatwa na mvua. Wakaita ndege.

Ezron alikuja akitoka kijiji kingine, mafuta yamempungua. Akajaza tangi kutoka kwenye pipa la kwanza alilolikuta mbele yake. Aliona limesimama, akafungua mdomo kuuliza, na wakati huohuo Ruti akapiga ukelele kwenye machela na swali likamponyoka. Akakinga mafuta kidogo kwenye kikombe chake cha kioo, kama wafanyavyo marubani wote kabla ya kuruka, akayatazama haraka, akayaona yana rangi yake. Wakampakia Ruti na Atupele, na Teresia na gunia lake la chumvi, kwa maana Teresia alikataa katakata kwenda ugenini mikono mitupu. Ndege ikakimbia, ikainuka. Zaitun akaipungia kanga.

Ilikuwa imeanza kugeuka juu ya mbuga alipousikia mlio. Yeye aliyeishi na injini za malori maisha yake yote, aliujua mlio ule kabla watu wengine hawajainua vichwa. Injini ilikohoa. Ikavuta pumzi. Ikakohoa tena, na baada ya hapo pakawa kimya, na ndege ikawa inateremka bila sauti yoyote. Zaitun aliita, "Ya Rabi!" akaanza kukimbia. Mwanamke mnene, mwenye magoti yale, alikimbia mpaka kanga ikabaki njiani.

Ezron aliiweka chini. Aliiweka mbugani, katikati ya ng'ombe waliotimka mikia juu, ikarukaruka kwenye vichuguu, ikasimama nzima karibu na mabanda ya chumvi. Watu walipofika walimkuta Atupele amemlalia Ruti kumkinga, Teresia anatapika mlangoni, na Ezron keshatoka, yuko chini ya bawa, anakinga mafuta kwenye kikombe chake. Safari hii alikiinua juani akakingoja kitulie. Mafuta ya ndege yana rangi ya buluu. Chini ya ile buluu palikuwa na kitu kizito, cheupe kama maji, na kilikuwa maji.

Alifungua tangi tena. Maji. La pili, maji. Akasimama, akauliza kwa sauti ya chini, ni nani aliyeyasimamisha mapipa.

Watu wakatazamana. Mmoja akasema lazima ni wachungaji waliopita na mifugo juzi. Mwingine akaunga mkono, maana wachungaji hawakuwapo kujitetea. Zaitun alisikia maneno yale yakimpita, na nisimsingizie utakatifu: kwa kitambo alitamani yasimame hapohapo. Nani angejua? Wale vijana aliowatuma walikuwa wamekwenda Tunduma kubeba mizigo. Jina lake lingebaki, na banda lake, na heshima aliyoijenga toka enzi za Habibu. Kisha akasikia Ruti akiita mama ndani ya ndege, kwa sauti iliyokwisha kuchoka.

"Ni mimi," akasema. "Ulinikabidhi yamelala, nikayasimamisha kwa mkono wangu. Nilijifanya najua."

Ezron hakumgombeza. Alimweleza tu, taratibu, kama anayeeleza ugonjwa kwa mwenye mgonjwa. Pipa linapumua. Jua likiwaka hewa ya ndani inatanuka na kutoka, usiku likipoa linavuta, na kama juu ya kizibo pametuama maji, linavuta maji. Likilala, kizibo kinakuwa chini ya mafuta na maji hayana pa kutuama. Akaongeza kwamba na yeye ana lake, alipaswa kukingoja kikombe kitulie na hakukingoja. Maneno hayo ya pili yalikuwa ya kiungwana, lakini hayakumpunguzia Zaitun chochote.

Teresia akainuka. Alijifuta mdomo kwa kiganja, akaja mpaka usoni pa rafiki yake.

"Mama Sabra, umeniulia mtoto."

"Hajafa," Zaitun akajibu. "Ngoja apone, halafu nitukane mpaka uchoke."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini Zaitun hakuwa na nafasi ya kuchutama. Alimuuliza Ezron kinachotakiwa ni nini ili ndege iruke. Ezron akasema matangi yamwagwe yakauke, na apate mafuta anayoweza kuyaapia, na hapa hayapo. Yote yamesimama mvuani. Kutoka mjini hayawezi kufika leo. Atupele alitoa kichwa mlangoni akasema leo ndiyo siku aliyonayo Ruti, hana nyingine.

Hapo ndipo Zaitun alipokumbuka alichokuwa akikikalia.

"Liko moja limelala," akasema. "Ndani, pakavu. Halijaguswa tangu ulilaze, nimelikalia tu."

Ezron alimtazama kwa muda. Usimlaumu, mwanamke huyohuyo ndiye aliyemwangusha. Kisha akasema lilete tulione.

Ndugu zangu, Ivuna ilifanya kazi siku ile. Mkokoteni wa ng'ombe ulikwenda bandani na kurudi na pipa likiwa limelala vilevile, limefungwa kwa kamba, mkeka wake bado juu. Lakini kabla halijasogea karibu, Zaitun akaona moshi. Mioto ya mabanda ya chumvi ilikuwa inawaka yote, masufuria yanatokota, na upepo unaleta cheche upande wa ndege. Petroli na moto anavijua, hapo hakuwa na shaka wala aibu. Akasimama juu ya kichuguu akapaza ile sauti yake ya Mpemba: zimeni mioto yote, sasa hivi. Wanawake wakasitasita. Kuzima moto chumvi ikiwa katikati ni kuitupa kazi ya tangu alfajiri, na hakuna mwenye kupenda hilo. Na anayeamrisha ni nani? Si huyuhuyu mharibifu?

Teresia ndiye aliyemaliza mjadala. Alikwenda kwenye banda lake mwenyewe, akachota ndoo ya maji ya chumvi, akaimwaga juu ya moto wake. Mvuke ukafumka. Wengine wakafuata, banda kwa banda, mpaka moshi wote ukakatika. Kisha wakachukua majembe yao, wakaenda kuvunja vichuguu na kusawazisha mbuga mbele ya ndege, na waliokuwa wanagombania bei jana yake wakawa wanalima mstari mmoja.

Wakamshusha Ruti na machela yake, wakamlaza kivulini, ndipo Ezron akamwaga matangi. Aliwaomba vijana wayumbishe mabawa, akamwaga tena, akafungua vichujio akavikausha. Halafu akakinga mafuta ya pipa lililolala, toka chini kabisa, mahali ambapo maji yangekuwapo kama yapo. Akakiweka kikombe juu ya gurudumu. Wote wakakizunguka. Zaitun aliona ni kama kikombe kile ndicho kinachomhukumu. Walingoja mpaka Ezron akaridhika, akakiinua juani, na ilikuwa buluu tupu, toka juu hadi chini.

"Safi," akasema.

Akajaza, kila ndoo ikipita kwenye chujio na kungojwa. Akawasha. Injini ikaitika mara ya kwanza, akaiacha ingurume pale chini muda mrefu, akiipandisha na kuishusha, naye Zaitun amefumba macho anasikiliza. Haikukohoa. Wanawake wakaanza kushangilia, na Ezron akaenda kushika machela.

Teresia akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu hapandi tena chombo hiki."

Ezron akamweleza, Atupele akamsihi, wazee wakamwita pembeni. Hakusogea. Alishaanguka nacho mara moja. Mama gani anamrudisha mtoto wake kwenye kitu kilichomwangusha, kwa mafuta ya mtu yuleyule? Ruti alikuwa ameacha kulia, na Atupele akamtazama Zaitun kwa macho yaliyosema kwamba huko kunyamaza si nafuu.

Sasa mjue jambo moja. Zaitun alikuwa mlinzi wa ndege, lakini ndege yenyewe aliiogopa kuliko kaburi. Hakuwahi hata kukanyaga ngazi yake. Alisema Mungu angetaka mtu wa Kondoa aruke angempa manyoya. Siku hiyo alilifikia gunia la chumvi la Teresia, akalikamata masikio, akaliburuta mpaka likaanguka chini. Kisha akakanyaga ngazi. Akashika alipopashika, akajipenyeza mahali pa lile gunia, akaketi. Ezron alitazama gunia, akamtazama Zaitun, akapiga hesabu yake kichwani, akapunguza masanduku mawili ya chanjo.

"Mafuta ni yangu," Zaitun akamwambia Teresia. "Yakiwa mabaya, naanguka nayo. Mlete mtoto."

Teresia alimtazama mwenzake aliyebanwa pale, jasho linamtiririka, midomo inasoma Ayat al-Kursi. Alijua hofu ile. Alikuwa ameicheka kwa miaka. Akageuka, akashika kichwa cha machela yeye mwenyewe, akapanda.

Ndege ikakimbia juu ya mbuga iliyolimwa. Ilikimbia, ikakimbia, na Zaitun akaona mwisho wa mbuga unakuja na akasema liwalo na liwe. Ardhi ikawaachia. Walipofika pale juu, mahali palepale ilipokohoa mara ya kwanza, aliziba pumzi. Teresia naye aliziba. Injini ikapita pale kana kwamba hapakuwahi kutokea kitu. Mkono wa Teresia ukaja ukamshika kifundo cha mkono, ukambana mpaka mifupa ikauma, na Zaitun hakuuondoa. Chini yao Ivuna ikawa ndogo, ziwa likang'aa upande, mlima ukaja mbele ukajaa kioo chote, ukainama, ukapita chini ya miguu. Halafu ikaonekana Mbozi, kijani tupu, mibuni na mahindi, na kiwanja cha nyasi, na gari jeupe limesimama linangoja.

Hospitalini Ruti alipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Wale wanawake wawili wakabaki kwenye benchi la kungojea, mmoja na rozari yake, mwingine na tasbihi yake. Zaitun hakuomba kusamehewa. Aliona kuomba radhi kabla ya mlango ule kufunguka ni kumzidishia mwenzake mzigo wa kujibu.

Mlango ukafunguka. Daktari akasema mama mzima, mtoto mzima, wa kike, na kama mngechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Akaja muuguzi na furushi, akampa Teresia. Teresia akalifunua, akaangalia uso, akahesabu vidole kama wafanyavyo mabibi wote. Machozi yakamdondoka juu ya blanketi. Kisha akageuka kwenye benchi.

"Mama Sabra, ulisema nikutukane."

"Nipo," Zaitun akasema. "Nitukane."

Teresia akatafuta tusi. Mwanamke yule ambaye mnadani hakuwahi kukosa, alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Mwishowe akanyoosha mikono, akamtua mtoto mapajani pake.

"Mpakate kwanza," akasema. "Nitakutukana siku ya mnada."

Zaitun akamwangalia yule kiumbe aliyekunja uso kwa hasira, mzima, mwenye joto, anayepumua. Habibu alipozikwa hakulia mbele za watu, lakini hapo alilia wazi, bila kujifuta. Kisha akakirusha kichwa nyuma, akapiga kigelegele ambacho korido nzima ilikisikia. Muuguzi akatoka mbio akiweka kidole mdomoni, mama, wagonjwa wamelala. Akakuta amechelewa, kwa sababu Teresia alikuwa keshakipokea.